Jiji la Mexico: watu wameongezeka kidogo, kaya zimeongezeka sana

Kati ya sensa ya 1990 na ile ya 2020, Jiji la Mexico liliongeza watu wasiofika milioni moja. Lilitoka wakazi 8,235,744 likafika 9,209,944, ongezeko la asilimia 12 hivi kwa miaka 30. Lakini katika miaka hiyohiyo makazi yanayokaliwa, yaani nyumba, fleti na vyumba vyenye mlango wake, yalipanda kutoka karibu milioni 1.79 hadi karibu milioni 2.76. Hilo ni ongezeko la zaidi ya nusu.

Anayesoma takwimu ya kwanza peke yake atasema jiji limetulia. Anayesoma ya pili atauliza: nani basi anaishi humo mote? Mwaka 1990 kila makazi yalikuwa na wastani wa watu 4.6, mwaka 2020 yalikuwa na 3.3. Wachukue wakazi wote wa 2020 uwapange kwa mtindo wa 1990, na makazi milioni 2 yangewatosha. Kwa hiyo, katika makazi yapatayo 970,000 yaliyoongezeka, kama 210,000 tu ndiyo yaliyohitajika kwa sababu ya watu kuwa wengi zaidi. Yaliyobaki, zaidi ya robo tatu, yamekuja kwa sababu watu wamejigawa katika kaya ndogondogo.

Kwa maoni yangu, mijadala mingi kuhusu jiji hili hupotea njia hapo. Watu hubishana juu ya idadi ya wakazi, ilhali kinachobana ardhi, maji na kodi ya pango ni idadi ya kaya. Kaya moja inataka jiko lake, choo chake, mtungi wake wa gesi na tangi lake la maji juu ya paa, iwe na watu sita au mmoja.

Kwanza, jiji lipi?

Ukikuta mahali pameandikwa milioni 9 na pengine karibu milioni 22, usidhani mmoja wao amekosea. Jiji la Mexico kisheria ni eneo lenye wilaya 16, ambalo hadi Januari 2016 liliitwa Distrito Federal. Hilo ndilo lenye watu milioni 9.2. Jiji lililojengeka, lile ambalo mtu analala upande mmoja na kufanya kazi upande mwingine, lina serikali za mitaa 76: wilaya hizo 16, manispaa 59 za jimbo jirani la Estado de México, na manispaa moja ya jimbo la Hidalgo iitwayo Tizayuca. Hilo mwaka 2020 lilikuwa na watu 21,804,515.

Jingine la kukumbuka ni kwamba zaidi ya nusu ya ardhi ya wilaya zile 16 imetengwa kwa hifadhi. Upande wa kusini kuna milima yenye misitu, na katika wilaya ya Milpa Alta kuna mashamba ya mpungate unaoliwa kama mboga. Maji ya mvua hupenya ardhini huko na kujaza hazina ya maji ya chini ambayo jiji linaitegemea. Hivyo ramani inadanganya jicho: eneo linaonekana kubwa, lakini nafasi ya kujenga ni finyu. Upanuzi umekimbilia kaskazini na mashariki, ng'ambo ya mpaka, katika manispaa za jimbo jirani.

Utabiri wa milioni 31

Kati ya 1940 na 1970 wakazi wa wilaya hizo waliruka kutoka milioni 1.76 hadi milioni 6.87. Viwanda vilikuwa vinafunguliwa, na watu wakamiminika kutoka majimbo ya Oaxaca, Puebla, Michoacán, Guanajuato na Hidalgo. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walipochora mstari huo na kuusogeza mbele, walipata kuwa ifikapo mwaka 2000 jiji lote na viunga vyake lingekuwa na watu karibu milioni 31. Mwaka ulipofika, lilikuwa na milioni 18.4.

Kulikosekana watu milioni 12 na zaidi. Walikwenda wapi? Wengi wao hawakuzaliwa. Mwaka 1974 Mexico ilipitisha sheria mpya ya idadi ya watu, ikaunda baraza la taifa la kushughulikia suala hilo, CONAPO, na kuandika katika katiba haki ya kila mtu kuamua idadi ya watoto wake. Redio na televisheni zikaanza kurudia kila siku kwamba familia ndogo huishi vizuri zaidi, huku huduma za uzazi wa mpango zikienezwa katika vituo vya afya. Nchi ambayo mwanamke alizaa karibu watoto saba kwa wastani mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa imeshuka hadi 1.6 mwaka 2023. Jiji la Mexico lilitangulia wenzake wote: mwaka 2018 wastani wake ulikuwa 1.34, wa chini kuliko majimbo yote. Kizazi hujirudishia idadi yake kikiwa na watoto 2.1 hivi kwa kila mwanamke.

Wengine walizaliwa lakini hawakuja. Mgogoro wa madeni wa miaka ya 1980 uliua ajira nyingi za viwandani jijini, na viwanda vipya vikajengwa karibu na mpaka wa Marekani au katika miji kama Querétaro na Puebla. Kijana wa Oaxaca aliyekuwa akipanda basi kwenda jijini akaanza kupita moja kwa moja kwenda Tijuana au Los Angeles. Wilaya 16 zenyewe zimekuwa zikipoteza watu kwa uhamaji kwa miongo kadhaa. Kati ya 2015 na 2020 waliozihama walikuwa karibu mara mbili ya waliohamia, na kundi kubwa kuliko yote lilivuka tu mpaka kuingia Estado de México.

Katikati palipohamwa, kisha pakajazwa upya

Wilaya nne za katikati, yaani Cuauhtémoc, Benito Juárez, Miguel Hidalgo na Venustiano Carranza, zilikuwa na watu milioni 2.9 mwaka 1970. Mwaka 2000 walibaki milioni 1.69. Hilo ni pengo la watu milioni 1.2 katika eneo lenye reli ya chini ya ardhi, mabomba, hospitali na vyuo vingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya nchi.

Sababu zilirundikana. Tangu miaka ya 1940 serikali iligandisha kodi za vyumba vingi vya katikati ya jiji, na amri hiyo haikuondolewa mpaka miaka ya 1990. Mpangaji alilindwa, lakini mwenye nyumba aliyepokea senti alikoma kukarabati. Zile nyumba za uani, ambako familia 20 au 30 zilizunguka ua mmoja wenye karo moja la kufulia, zikaoza pole pole. Ofisi na maghala yakachukua vyumba. Kisha asubuhi ya tarehe 19 Septemba 1985 tetemeko kubwa likaangusha majengo katika mitaa ya Tlatelolco na Roma na katikati ya jiji, likaua maelfu ya watu. Serikali ilitaifisha majengo mengi mabovu na kuwajengea wapangaji wake makazi zaidi ya 40,000 palepale walipokuwa, jambo ambalo wapangaji wenyewe walilipigania mitaani na ambalo naliona kuwa moja ya matendo bora kabisa ya makazi katika historia ya jiji hilo. Lakini wengi wenye uwezo wa kuondoka walikuwa wamekwisha kuondoka.

Desemba 2000, mkuu mpya wa serikali ya jiji, Andrés Manuel López Obrador, alitoa agizo lililojulikana kama Bando Dos: ujenzi mkubwa wa makazi uruhusiwe katika wilaya nne za katikati na uzuiwe kwingine, ili mabomba yaliyopo yatumike na misitu ya kusini isalimike. Nia ilikuwa njema na hoja ilikuwa na nguvu. Ila bei ya ardhi katika wilaya hizo ilipanda haraka, na hapakuwa na kinga ya kutosha kwa mwenye kipato kidogo. Kampuni za ujenzi zikauza fleti za katikati kwa wenye pesa, na waliotafuta nyumba ya bei nafuu wakasukumwa nje ya mpaka wa jiji kabisa.

Watu wakarudi katikati. Mwaka 2020 wilaya hizo nne zilifikisha milioni 1.84, na Benito Juárez peke yake ilipanda kutoka 360,478 hadi 434,153 katika miaka 20. Lakini tazama ni kaya za namna gani. Benito Juárez ina wastani wa watu karibu wawili na nusu tu kwa kila makazi. Milpa Alta, kule kwenye mpungate, ni karibu wanne. Katikati pamejaa wajane, wanandoa wasio na watoto, wataalamu vijana, wanafunzi wanaochangia kodi. Juu ya paa za majengo ya zamani kuna vyumba vidogo walivyokuwa wakilala wasichana wa kazi kutoka vijijini, pamoja na masinki ya kufulia na kamba za nguo. Leo wafanyakazi wengi wa nyumbani huja asubuhi na kurudi kwao jioni, na vyumba vile hupangishwa kwa mtu mmoja mmoja kwa bei ambayo zamani ingelipa fleti nzima. Kaya moja ya 1970 yenye watu wanane imegeuka kuwa kaya mbili, moja chini na moja juu ya paa, zenye watu watatu kwa jumla.

Ongeza kodi za muda mfupi kwa wageni, na utaelewa kwa nini tarehe 4 Julai 2025 watu waliandamana Roma na Condesa kupinga kusukumwa nje ya mitaa yao. Wageni wenye dola wameongeza moto, sikatai. Lakini hata wangeondoka wote kesho, kasi ya kaya kugawanyika ingebaki palepale, na makazi ya katikati yangeendelea kugombaniwa.

Ngazi ya nje

Sehemu inayonivutia kuliko zote ni mashariki: wilaya ya Iztapalapa, na Nezahualcóyotl ng'ambo tu ya mpaka. Iztapalapa ina watu 1,835,486, karibu sawa kabisa na wilaya nne za katikati zikiunganishwa. Nezahualcóyotl ilianzishwa kama manispaa mwaka 1963 juu ya sakafu ya ziwa Texcoco lililokaushwa, ardhi ya magadi yenye vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua. Watu walinunua viwanja vidogo vilivyopimwa kwa mistari iliyonyooka, mara nyingi bila hati safi, wakajenga chumba kimoja cha matofali na kuhamia.

Nyumba hizo hazijengwi zikaisha. Panda mahali pa juu utazame paa zake: nguzo zimeachwa na nondo zimesimama angani, nyingine zimevikwa chupa ya soda kuzuia kutu na kuepusha mtu asijichome. Zinasubiri ghorofa ya pili, na ghorofa ya pili inasubiri mtoto aoe. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa nondo hizo maana yake nini.

Mtoto anapooa, bati la muda linatolewa, zege linamwagwa, na swali linakuja: ngazi ipite wapi? Ikipita ndani, katikati ya jiko la mama, familia mbili zinabaki ndani ya mlango mmoja. Ikiwekwa nje, mara nyingi ngazi ya chuma ya kuzunguka iliyobanwa uani, juu panakuwa na mlango wake. Na mlango ndio unaomwongoza karani wa sensa. Kwa INEGI, taasisi ya taifa ya takwimu, makazi ni nafasi yenye kuta, paa na njia yake ya kuingilia. Familia ileile, kiwanja kilekile, matofali yaleyale: ngazi ya ndani inahesabiwa makazi moja yenye watu saba, ngazi ya nje inahesabiwa makazi mawili, moja la watu watatu na jingine la wanne.

Zaidi ya hapo, kipimo chenyewe kimebadilika. Mpaka sensa ya 2000, kaya ilikuwa watu wanaochangia gharama za chakula, kama sisi tunavyosema wanaokula chungu kimoja. Ndani ya makazi mamoja mngeweza kuwa na kaya mbili. Kuanzia 2010 sensa ya Mexico inahesabu wote wanaoishi katika makazi mamoja kuwa kaya moja, bila kuuliza vyungu. Uamuzi huo umerahisisha kazi ya makarani, lakini umefuta kitu cha maana. Binti aliyerudi kwa wazazi baada ya kuachika, mwenye watoto wawili na friji yake ndogo chumbani, anapotelea ndani ya kaya ya baba yake. Anahitaji nyumba na haonekani. Kwa hiyo, ukisoma kwamba kaya za jiji zina wastani wa watu 3.3, ujue ndani yake kuna ambao wangekuwa wamejitenga kama wangekuwa na pesa.

Leo mitaa hiyo iliyojengwa na vijana imekuwa ya watu wazima na wazee. Nezahualcóyotl ilikuwa na watu 1,256,115 mwaka 1990. Mwaka 2020 walikuwa 1,077,208. Ecatepec, kubwa kuliko zote katika jimbo hilo, ilishuka kidogo kutoka 1,656,107 mwaka 2010 hadi 1,645,352. Hakuna aliyezifukuza familia hizo. Viwanja vimejaa, watoto wa tatu na wa nne hawakupata ghorofa, wakaenda kutafuta kwingine.

Nyumba za mbali zilizobaki tupu

Walikwenda kaskazini. Manispaa ya Tecámac ilipanda kutoka watu 364,579 mwaka 2010 hadi 547,503 mwaka 2020. Zumpango kutoka 159,647 hadi 280,455. Tizayuca kutoka 97,461 hadi 168,302. Nyuma ya kasi hiyo kuna mikopo ya Infonavit, mfuko wa nyumba wa wafanyakazi ulioundwa 1972, ambao hukata malipo moja kwa moja kwenye mshahara. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 mikopo ilitolewa kwa kasi kubwa, na makampuni yakajenga maelfu ya vijumba vinavyofanana kama mabehewa ya treni mahali ardhi ilipokuwa rahisi, hata kilomita 50 na zaidi kutoka kwenye ajira.

Mfanyakazi alipata funguo, akapata pia safari ya saa mbili au zaidi kwenda kazini na nyingine kama hiyo kurudi, na nauli iliyokula mshahara. Wengi waliziacha nyumba zile, wakarudi kupanga au kubanana kwa wazazi huku mshahara ukiendelea kukatwa. Sensa ya 2010 ilikuta makazi karibu milioni 5 matupu nchini kote, na ile ya 2020 zaidi ya milioni 6. Zumpango na Huehuetoca zimekuwa miongoni mwa mifano inayotajwa sana. Linaniuma hili, kwa sababu kosa lake lilionekana mapema. Walihesabu upungufu wa nyumba, hawakuhesabu umbali. Binti mwenye friji ndogo chumbani kwa wazazi wake Nezahualcóyotl hasaidiwi na nyumba iliyoko mbali na kazi yake na mbali na bibi anayemlelea watoto.

Nani mkuu wa kaya, na nani wa kumtunza

Mwaka 2020, katika kila kaya 100 za Jiji la Mexico, 40 zilimtaja mwanamke kuwa mkuu wake. Nchi nzima zilikuwa 33. Takwimu hii hupenda kusomwa kama orodha ya akina mama walioachwa, na wapo kweli, tena wengi. Lakini ndani yake mna pia wajane, kwa kuwa wanawake huishi muda mrefu zaidi. Mna wanaojipatia mshahara na kuishi peke yao. Mna bibi mwenye hati ya kiwanja ambaye wote ghorofani wanamtambua kuwa ndiye mwenye kauli. Ukuu wa kaya hujibiwa na wenyeji wenyewe mlangoni. Sehemu ya ongezeko inatokana na watu kuwa tayari kumtaja mwanamke hata pale mwanamume alipo.

Umri nao umesogea. Nusu ya wakazi wa jiji wana zaidi ya miaka 35. Kwa taifa zima mstari huo uko kwenye 29, na jimbo la Chiapas kwenye 24. Kwa kila watoto 100 walio chini ya miaka 15, jijini kuna watu kama 90 wenye miaka 60 na kuendelea, wakati kwa taifa ni 48 hivi. Mwaka 2001 jiji lilianza kuwalipa posho ya kila mwezi wazee wa miaka 70 na zaidi hata kama hawakuwahi kuajiriwa rasmi, mpango ambao baadaye ulienea nchi nzima. Katiba ya jiji ya 2017 ikaenda mbele zaidi na kuandika haki ya kutunzwa. Ila haki hiyo inaangukia kwenye kaya zilizopungua watu. Bibi wa Iztapalapa aliyezaa saba ana binti wa kumpeleka hospitali na mwingine wa kubaki na wajukuu. Mwanamke wa Benito Juárez mwenye miaka 50 leo, mwenye mtoto mmoja anayefanya kazi Monterrey, hatakuwa na foleni hiyo ya mabinti.

Ndiyo maana naupa uzito mpango mmoja usiopigiwa sana kelele. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 taasisi ya makazi ya jiji, INVI, imekuwa ikizikopesha familia fedha kidogo za kuboresha au kupanua nyumba kwenye kiwanja chao, pamoja na fundi mchoraji wa kuwashauri. Fedha hizo zinajenga ghorofa ya binti, zinatenga choo, zinahamishia ngazi nje, zinampa bibi chumba cha chini asilazimike kupanda. Kwa bei ya kijumba kimoja cha mbali, mikopo kadhaa ya namna hiyo inaweza kuwapa nafasi watu ambao sensa imewaficha ndani ya kaya za wazazi wao, palepale penye shule, kazi na jamaa wa kutunzana.